Hadithi Yangu Inanishitaki?

Tuseme wewe ni kijana wa India na unataka uafisa wa jeshi. Unaitwa kwenye bodi ya uteuzi, na hapo utakaa siku tano. Kwa miaka mingi utaratibu umekuwa hivi: mnaonyeshwa picha isiyoeleweka vizuri kwa sekunde 30, halafu mnapewa dakika 4 za kuandika hadithi yake. Picha 11 za namna hiyo, na ya 12 haina kitu, nyeupe tupu. Kisha yanakuja maneno 60, kila moja sekunde 15, uandike lile la kwanza linalokujia kichwani. Mwanasaikolojia anasoma yote na kuamua wewe ni mtu gani.

Mambo haya si ya jana. Waingereza waliunda bodi hizi mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili vikiwa vimepamba moto, na India ikapata zake 1943. Kabla ya hapo mtu alihojiwa kidogo tu: umesoma shule gani, baba yako nani, unacheza mchezo gani. Jamani, mtoto wa fundi viatu angepenyea wapi? Ndipo daktari Wilfred Bion akaleta wazo la kuwapa watu kazi pamoja bila kuwatajia kiongozi, ionekane nani anawajali wenzake. Hapo mie nasema ni haki. Afadhali kupimwa moyo kuliko kupimwa ukoo.

Lakini mimi ni mtu wa hadithi, na hapo ndipo panaponikera. Juzi tulijaribu kijiweni. Mwenzetu alikata picha gazetini: mtu amesimama ukingoni mwa mto, mtumbwi umepinduka. Nikaandika kwamba yule mtu anajua kuogelea, ila hakuingia majini. Mwenzangu akasoma, akaniangalia. "Kumbe wewe mwoga, eh?" Wakacheka, nami nikacheka nao.

Usiku usingizi haukuja. Nilikumbuka sokoni, mtoto akipigwa na watu, anaitwa mwizi. Nilivuka barabara nikaenda zangu.

Basi, hadithi ilisema kweli? Ilisema. Lakini je, ilisema yote? Niliandika vile kwa sababu jambo lile linaniuma hadi leo. Huko India wapo wanaolipia masomo ya ziada wafundishwe kuandika mashujaa watupu. Huyo aliyekariri ushujaa atafaulu, na mimi niliyeutazama uoga wangu usoni nitarudishwa nyumbani?

Hata hivyo siwezi kusema mitihani ifutwe. Afisa kijana anakabidhiwa askari kama 30, watoto wa watu, na kwa neno lake wanaweza kufa. Mama zao wana haki ya kutaka aangaliwe ndani. Na bodi zenyewe hazitegemei hadithi peke yake: kuna mahojiano, kuna kazi za vikundi uwanjani, halafu wapimaji wanakaa pamoja kulinganisha. Naona hiyo ndiyo busara. Hadithi iitwe kama shahidi, isiachiwe kiti cha hakimu.

Wenzangu walinishauri nibadilishe mwisho, yule mtu ajitose mtoni. Nimekataa. Kujitosa kwenye karatasi hakumwokoi mtu. Nikipita tena sokoni ndipo nitajua kama mwoga wa hadithi yangu bado ni mimi.