Yai Lisilo na Mwenyewe

Yai la kukaanga lina mwenyewe. Likishatua sahanini, kila aliyeketi anajua ni la nani. Nyumbani kwetu lilikuwa la baba. Sisi watoto tulipewa mkate mkavu, na mwenye bahati siku hiyo akaachiwa kikaango akifute mafuta yaliyobaki. Hatukuona uonevu wowote. Firigisi ilikuwa yake vilevile, na redio, na kiti cha dirishani. Kuhusu mama, sikumbuki kama aliwahi kula yai zima. Nimejaribu sana kukumbuka.

Yai lisilo na mwenyewe nililikuta kwa ami yangu, Malindi. Ami alipika miaka mingi katika nyumba za Waitaliano, na kwa mtu wa Malindi hilo si jambo la kushangaza. Tangu miaka ya 1960, Italia ilipoweka kituo chake cha kurushia roketi baharini kule Ngomeni, Waitaliano hawakuacha kuja: wahandisi kwanza, kisha watalii, kisha wenye hoteli na wastaafu. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Ami mambo ya roketi hayakumhusu. Alichokitoa kwa Waitaliano ni maneno ya kusalimiana, ubishi wa mpira, na fritata.

Ukimwuliza fritata ni nini, alikujibu kuwa ni kimanda kisicho na haraka. Kimanda cha kawaida kinaiva kwa dakika mbili, kinakunjwa, na ni cha mtu mmoja. Wa pili angoje chake. Fritata, ijapokuwa jina lenyewe latokana na neno la Kiitaliano la kukaanga, hupikwa polepole, haikunjwi, huinuka ikawa nene, na hukatwa kama keki. Wenyewe hutia humo kiporo chochote cha jana. Napoli hutia hata tambi. Vijana wa vibandani Dar es Salaam wamefika karibu na hapo kwa njia yao wenyewe, kwa chipsi mayai, ambazo huziita zege, na sina shaka zege lao lingemfurahisha Mwitaliano yeyote mwenye njaa.

Yangu huenda hivi: mayai 6, soseji 3 za ng'ombe, kitunguu, pilipili hoho, karoti moja ya kuparuza na fungu la mchicha. Italia soseji yenyewe huwa ya nguruwe. Kwa ami haikuingia, na ladha haikupungua. Soseji nazikata vipande vyembamba kama sarafu, nazikaanga mpaka zishike rangi, nazitoa. Kitunguu kinaingia kwenye mafuta yaleyale. Mboga nyingine zinafuata, nazo zikae motoni mpaka maji yake yakauke kabisa ndipo zikutane na mayai. Hilo nililijifunza kwa aibu. Mara ya kwanza nilitia mchicha mbichi nikidhani utaivia humohumo. Uliiva, ukamwaga maji yake yote, fritata ikaelea kama ngalawa. Watoto waliila kwa vijiko, kwa adabu, bila kuuliza.

Waitaliano, mambo yakishaharibika, husema fritata imeshapikwa. Sisi twasema maji yakimwagika hayazoleki. Siku ile kikaango changu kilikuwa na misemo yote miwili.

Jingine ni moto. Yai halitaki ukali. Ute wake huanza kuganda joto likikaribia nyuzi 60, na kiini hakikawii kufuata. Maji ya chai yanapotokota yamekwisha fika 100. Ukilizidishia moto, yai hujikaza, likakamua maji yake lenyewe na kuwa kama sponji. Kwa hiyo moto uwe mdogo, na kifuniko juu. Tabu huja mwishoni, chini kumeshika na juu bado kunatikisika. Mwenye oveni huitia ndani ya oveni. Wengine huifunika kwa sahani wakaipindua, ujasiri ambao mimi sikujaliwa. Ami, akiwa kwake, aliweka makaa juu ya kifuniko akaipalia, kama mama zake walivyopalia wali na mkate wa kumimina. Kwa waajiri wake palikuwa na oveni. Nimekula za kwake na za huko; ile ya makaa ilikuwa na harufu zaidi, na nalisema hili kwa ajili ya wale wanaongoja jiko jipya ndipo wajaribu chakula kipya.

Lakini si makaa yaliyonifanya niandike. Nilipoanza kuipika kwangu, Mombasa, nilikuwa na furaha ya mtu aliyevumbua haki. Nilivunja mayai yote katika bakuli moja, nikachanganya na mboga na soseji, nikamimina. Hapa sasa hakuna yai la baba, nikajisemea. Nani atalijua lipi ni lipi? Sikukumbuka kuwa meza ya jiko langu imeinama kidogo upande wa ukutani. Soseji zote zikahamia huko. Nilipokata, vipande viwili vilijaa nyama, vitatu vilikuwa mboga tupu. Hakuna aliyesema neno. Kipande kimoja kati ya vile viwili kikasogea taratibu mpaka mbele ya mume wangu.

Niliyekisogeza ni mimi.

Nilimpigia ami simu nimweleze habari ya meza. Habari ya sahani sikumweleza, lakini nadhani aliisikia. Alicheka, akasema, "Mwanangu, kuchanganya si kugawa." Yeye, alisema, hazichanganyi soseji kamwe. Humimina mayai na mboga, hungoja chini kushike kidogo, kisha hupanda vipande vya soseji kimoja kimoja kwa mkono, kama anayepanda kunde, kuzunguka kikaango.

Tangu hapo nimelifikiria sana sinia. Sisi watu wa pwani hujivunia kula sinia moja, na kwa kweli ni jambo la kujivunia. Lakini aliyelelewa siniani anajua kuwa kila mmoja hula upande wake, kwamba nyama hukaa katikati, na kwamba upo mkono wa mtu mzima unaoikata na kuisogeza mbele ya kila mtu. Mkono huo ukiwa na upendeleo, sinia haliwezi kuuzuia. Nami nilikuwa nimejipa moyo kwamba chombo kitanifanyia kazi ya mkono, wakati mkono wenyewe bado ulikuwa na mazoea ya jikoni kwa mama.

Siku hizi nakata kila soseji vipande vinane. Vyote vinakuwa 24, na anayevipanda ni binti yangu wa gredi ya tatu, amesimama juu ya kigoda, akihesabu kwa sauti. Juzi baba yake alilalamika kwamba kapata pungufu. Aliambiwa kimoja kilianguka, na kwamba kilianguka upande wake.

Mama alipokuja kututembelea mwezi uliopita, mezani tulikuwa sita, kwa hiyo vinne kwa kila mtu. Alikula kimoja. Vitatu akavihamishia sahani ya mjukuu wake, akasema ameshiba. Mtoto akavihesabu, akavirudisha.