Macho Hayana Pazia, Kamera Haina Kope

"Unataka ya kujirekodi wewe au ya kurekodi watu?"

Kijana muuzaji aliniuliza hivyo Kariakoo, kwenye duka la simu ambalo upana wake ni upana wa mlango. Nilikuwa nimemwambia nataka GoPro. Hapa mjini kila kamera ndogo ya kufunga kwenye helmeti ni GoPro, hata kama ubavuni imeandikwa DJI au Insta360, kama ambavyo kila sabuni ya unga ni Omo. Nikamjibu bila kufikiri, "Ya barabarani tu, kaka." Akacheka. Akasema barabarani kuna mimi na kuna watu, kwa hiyo nichague. Kama ni kujirekodi, nichukue yenye kioo mbele ili nijione. Kama ni watu, kioo cha mbele kitanilia chaji bure.

Nililichukulia kuwa swali la biashara. Nikalipa, nikaondoka. Mwaka umepita, na ajali moja, na bado sijamaliza kulijibu.

Niseme ukweli kuhusu kwa nini niliitaka. Mimi ni mwandishi wa habari, na kila siku naenda kazini kwa pikipiki, kutoka Tegeta mpaka mjini. Anayeijua Barabara ya Bagamoyo saa moja asubuhi hahitaji maelezo. Daladala ikikugonga, konda ndiye wa kwanza kushuka na kuapa kwamba wewe ndiye uliyeigonga. Nilitaka ushahidi. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mke wangu. Sababu ya pili sikumpa mtu: nilitaka zile video za alfajiri, barabara tupu, mwanga unatokea upande wa bahari, na mimi ndani yake kama mtu mwenye maisha.

Kwa wiki mbili nilikesha nikisoma na kutazama wachambuzi wa kamera hizi. Nikajifunza kwamba lenzi yake ni pana sana, inakusanya karibu kila kitu kilicho mbele yako. Nikajifunza namna inavyotuliza picha: programu iliyo ndani inakata kingo za picha na kuisogeza kidogo kidogo, ili kichwa kikitikisika video isitikisike. Nilijua betri inadumu muda gani, na kwamba inaweza kuingia majini mita 10 bila kuharibika. Yaani nilisoma zaidi kuhusu mita 10 za maji ambazo sijawahi kuzamia, kuliko kuhusu watu ambao ningepishana nao kila siku wakiwa mbele ya lenzi hiyo.

Swali la muuzaji lina historia yake. Mmarekani Nick Woodman, kijana aliyependa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, alianzisha kampuni ya GoPro mwaka 2002, baada ya safari ya Australia na Indonesia. Alichotaka ni kitu kidogo tu: picha zake na za rafiki zake wakiwa juu ya wimbi, mahali ambapo mpiga picha wa ufukweni hafiki. Kamera ya kwanza iliingia sokoni mwaka 2004. Ilitumia filamu ya milimita 35 na ilifungwa kwenye kifundo cha mkono. Akaiita Hero. Shujaa, na shujaa mwenyewe ni mwenye kamera. Lakini ukiitoa mkononi ukaifunga kwenye helmeti, mambo yanageuka. Chombo kilichozaliwa ili mwenye nacho aonekane kinamfanya awe mtu pekee barabarani asiyeonekana.

Wakati ule hilo halikunisumbua. Kinyume chake, niliona nimepata dawa ya ugonjwa wa zamani wa kazi yetu.

Chuoni tulibishana sana kuhusu picha ya Kevin Carter, yule Mwafrika Kusini aliyempiga picha mtoto aliyedhoofu kwa njaa huko Sudan, Machi 1993, na tumbusi ametua nyuma yake. Picha ikatoka New York Times, ikashinda Pulitzer mwaka 1994, na Julai mwaka huohuo Carter akajiua, akiwa na miaka 33. Alisema alimfukuza yule tumbusi. Watu hawakuridhika, walitaka kujua kwa nini hakumbeba mtoto. Nusu ya darasa letu walisema angembeba, nusu wakasema bila picha dunia isingejua. Susan Sontag alikuwa ameshaligusa jambo hilo mwaka 1977 katika On Photography: kupiga picha kuna namna ya kukaa pembeni ndani yake. Mkono ulioshika kamera haujashika kitu kingine.

Sasa mimi mikono yangu iko huru. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya wenzangu, tukinywa chai kantini. Nikasema mwandishi mwenye kamera kofiani anaweza kuokoa na kurekodi kwa wakati mmoja, na kwamba ule ubishi wa chuoni sasa ni wa kihistoria. Mzee mmoja wa dawati la michezo akaniangalia tu, akachovya andazi lake.

Ajali ilitokea jioni, karibu na Afrikana, nikirudi nyumbani. Gari dogo jeupe lilikata kutoka kushoto bila taa ya ishara. Bodaboda iliyokuwa mbele yangu ikafunga breki, ikateleza, ikaangukia ubavu. Abiria alikuwa mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya mapajani. Nyanya zikatawanyika lami nzima. Kijana wa boda mguu wake ulibanwa chini ya pikipiki. Gari lilipunguza mwendo, taa za nyuma zikawaka nyekundu, halafu likaondoka.

Ninavyokumbuka mimi, niliruka. Pikipiki niliiacha hivihivi, nikamkimbilia mama. Kanga ilikuwa imemtoka na gauni limempanda. Nilivua koti langu la mvua nikamfunika, na wakati namfunika nilifumba macho. Hilo nalikumbuka vizuri, maana nilipapasa kama kipofu. Watu wakaja, tukainua pikipiki, tukawapakia wote wawili kwenye bajaji. Nilifika nyumbani na damu kwenye shati, nikamweleza mke wangu, akanipa pole na sifa. Sifa hizo nilizipokea.

Usiku nikatazama video.

Sikuruka. Kwenye video nimekaa kwenye pikipiki, injini inanguruma, na kichwa kinageuka taratibu: kwa mama, kwa gari linaloondoka, kwa mama tena, kwa nyanya. Sekunde 14. Nilizihesabu mara tatu. Ukitaka kujua sekunde 14 ni ndefu kiasi gani, acha kusoma hapa, uhesabu taratibu, huku mtu akikuita "jamani, jamani."

Nilitafuta utetezi. Labda nilishikwa na mshtuko. Labda nilikuwa natetemeka. Mtu anayetetemeka anasamehewa. Lakini picha imetulia tuli, kama imepigwa na mtu aliyekuja kutazama mpira. Ndipo nikakumbuka nilichokilipia Kariakoo. Kazi ya programu ile ni kuondoa mtikisiko. Kama nilitetemeka, kamera ilifuta, na sasa hata mimi mwenyewe siwezi kujua kama zile sekunde zilikuwa za hofu au za udadisi.

Halafu ikaja sehemu ya koti. Mimi nilifumba macho, kamera haikufumba. Nilichokataa kukitazama mchana, kilinisubiri mezani usiku, kikiwa na mwanga wa kutosha.

Tuna methali, macho hayana pazia. Tunaipenda hasa tukikamatwa tunatazama kisichotuhusu. Lakini macho yana kope, na sehemu kubwa ya adabu tuliyofundishwa nyumbani ni matumizi ya kope: mkubwa akilia, mtu akioga mtoni, jirani akigombana na mkewe dirisha likiwa wazi. Unaona, halafu unachagua kutokuona. Kamera ya mkononi ilikuwa na kope za aina yake, kwa sababu ilibidi mtu ainyanyue na ailenge. Carter alilaumiwa kwa sababu kila mtu alijua kuna dakika aliyoamua. Hizi za siku hizi zinakuondolea dakika hiyo. Tangu mwaka 2020 zipo hata zinazokupa sekunde 30 za kabla hujabonyeza kitufe. Unaamua kukumbuka baada ya jambo kupita.

Nilidhani uamuzi ukiondoka, lawama nayo inaondoka. Kumbe uamuzi ulihama tu. Ulihamia dukani, pale niliposema "ya barabarani tu". Ulihamia kwenye mipangilio, siku ya kwanza, nilipokizima kile kitaa chekundu kinachowaka kamera ikirekodi. Nilijiambia nakizima ili chaji ikae. Lakini kitaa kile hakiwekwi kwa ajili ya mwenye kamera, kimewekwa kwa ajili ya aliye mbele yake. Nilikuwa nimewazimia watu taa bila kuwaambia, kisha nikajiita shahidi.

Asubuhi nilimsimulia mhariri wetu wa mitandao. Akataka video. "Sekunde thelathini tu, sura ya mama tutaififisha." Nikakataa, nikasema ni heshima ya yule mama. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nikaitaja na hiyo. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na hakuna lililokuwa ukweli wote. Nilikuwa nalinda mapaja ya mama, ndiyo, na nilikuwa nalinda sekunde zangu 14. Nimejiuliza sana kama jambo jema lililofanywa kwa sababu mbili, moja safi na moja chafu, bado ni jema. Sina jibu zaidi ya hili: yule mama hakuwekwa mtandaoni.

Siku ya pili alinitafuta kaka yake kijana wa boda. Mguu wa mdogo wake ulikuwa umevunjika na walitaka kumpata mwenye gari, alipie matibabu. Aliambiwa kijiweni kuna jamaa alikuwa na kamera. Nilifikiria kumkatia kipande. Ila gari linaonekana wapi? Linaonekana ndani ya zile sekunde 14, nilipokuwa nimekaa nalitazama likiondoka. Kipande nilichotaka kukificha ndicho pekee alichokihitaji.

Nikamwonyesha chote mpaka pale ninaposhuka. Akasogeza kichwa kwenye skrini. Tukasimamisha, tukakuza, tukasimamisha tena. Lenzi pana ina tabia hiyo: inakupa barabara nzima, na kila kilicho mbali inakifanya kidogo. Namba ya gari ilikuwa vidoti vinne vitano vya kijivu. Mipangilio ya picha nyembamba zaidi ilikuwepo, ningeweza kuichagua. Sikuichagua, kwa sababu pana ilikuwa inapendeza zaidi kwenye video za alfajiri.

"Haina namba, haina kazi," alisema. Nikamuuliza kama aichukue hivyohivyo, akatikisa kichwa. Akasimama, akafika mlangoni, akageuka. "Kumbe na wewe ulikaa kwanza, kaka."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja rangi ya gari.

Mama nilimkuta wodini siku ya nne, mkono umefungwa hogo. Nilimpelekea nyanya, halafu nikaona aibu nilipozitoa kwenye mfuko, lakini yeye akacheka mpaka akashika ubavu. Nikamweleza kwamba kila kitu kilirekodiwa, na kwamba sitaki kubaki nacho bila ruhusa yake.

"Futa, mwanangu," akasema. Halafu akafikiri. "Lakini kwanza nione."

Nikamwekea kwenye simu. Aliitazama kwa makini. Alisikitikia nyanya, akazihesabia bei, akamlaani dereva wa gari jeupe. Ilipofika sehemu ya koti akanyamaza, akavuta shuka la hospitali mpaka kifuani, kana kwamba anajifunika upya.

"Hii mikono ni ya nani?"

"Yangu, mama."

"Mbona wewe huonekani?"

Nikamwambia kamera ilikuwa kichwani. Akaitikia "ahaa", akaniambia Mungu anilipe. Nikafuta mbele yake. Akataka nimwonyeshe kwamba kweli haipo, nikamwonyesha. Nilipofika nyumbani nikafuta na iliyokuwa kwenye kompyuta.

Kamera bado ninayo. Kitaa nimekiwasha, na picha nimeifanya nyembamba zaidi. Alfajiri hazipendezi tena kama zamani.

Limebaki jambo moja. Video niliyomwonyesha mama haikuanza mwanzo. Niliianzisha pale mikono yangu inapotokea. Aliyeniombea Mungu anilipe hakujua alichokuwa hajaonyeshwa, na sasa hakipo tena, si kwenye simu wala kwenye kompyuta. Kwa hiyo nimekiandika hapa: sekunde 14, injini inanguruma, mama anaita, nami nimekaa.