Dhahabu Haiozi, Pambo Huyeyushwa

Mkoa wa Mara una ubishi wa miaka mingi juu ya dhahabu, na ubishi huo ni wa kiimani kuliko wa kibiashara. Buhemba na Kiabakari, katika Wilaya ya Butiama, zilichimbwa tangu enzi za mkoloni, na mpaka leo wachimbaji wadogo wanaitafuta huko na upande wa Bunda. Lakini juu ya ardhi hiyo hiyo yameota makanisa yaliyowafundisha waumini wasiivae. Wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani walianzia Shirati mwaka 1934, wakaja na msimamo wa mavazi ya kawaida yasiyo na vito. Waadventista wa Sabato, waliofika kando ya Ziwa Victoria kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nao waliweka mkazo kama huo. Basi Mara ni mahali pazuri pa kuuliza: lipo pambo lisilopitwa na wakati, na kama lipo, linadumu kwa nguvu ya nini? Hoja yangu ni kwamba halidumu kwa madini yake wala kwa umbo lake. Linadumu kwa sababu ya watu waliofungwa nalo kwa wajibu.

Wengi hujibu kwa haraka kwamba dhahabu yatosha, kwa kuwa haishiki kutu. Ni kweli haishiki, lakini kinachodumu hapo ni dhahabu, si pambo. Kwenye nyuzi 1,064 za joto bangili ya bibi hugeuka uji, na saa hiyo hiyo yaweza kuwa hereni za mjukuu. Ukimpelekea sonara mkufu wa zamani, ataupima uzito, atakagua karati, atakulipa thamani ya gramu. Ufundi wa aliyeusuka hauna nafasi kwenye mzani. Kinyago cha Tutankhamun, kilichopatikana Misri katika miaka ya 1920, kilikaa zaidi ya miaka 3,000 na umbo lake kwa sababu kilifungiwa kaburini, mbali na mikono ya watu. Dhahabu iliyobaki mikononi iliyeyushwa mara nyingi, kila kizazi kikaipa sura kinayoitaka. Sifa ileile inayoifanya dhahabu isiharibike ndiyo inayomrahisishia kazi anayetaka kuliharibu pambo.

Wengine husema siri iko kwenye umbo: chagua pambo la kawaida, lisilo na mbwembwe za msimu. Ushauri huo una busara yake. Pete ya kuvaliwa kila siku na iwe nzito ya kutosha kuongezwa au kupunguzwa kidole kinapobadilika. Ndani yake tafuta muhuri wa 750, yaani sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu, ndiyo karati 18. Ya karati 24 ni laini mno, na iliyopakwa dhahabu juu tu huchubuka. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, hupendeza kwenye hereni, lakini kwenye pete ya kila siku vumbi la kawaida laweza kuikwaruza. Hata hivyo, fikiria mapambo ya Wakurya wa zamani wa mkoa huu: ndewe zilizotobolewa na kunyoshwa, bangili nzito za madini. Hayakuwa mitindo ya msimu. Yalijulisha hadhi ya mtu mbele ya jamii yake. Vijana walipoingia shule, kanisa na mji, mapambo hayo yaliachwa ingawa madini yake hayakuwa yamechakaa. Kilichokwisha ni yale makubaliano ya watu yaliyokuwa yakiyabeba.

Hapa mhubiri ana haki ya kuuliza: kwa nini basi tusiache kabisa? Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya tatu, unauweka moyo mbele ya kujitia dhahabu, na fundisho hilo limewaokoa wengi na mashindano na madeni ya harusi. Nalipokea. Lakini Biblia hiyo hiyo inasimulia Rebeka akivishwa pete na bangili za dhahabu alipochumbiwa. Katika kitabu cha Kutoka, Waisraeli wanavua pete za masikioni ili itengenezwe ndama ya kuabudiwa, na sura tatu mbele wanaleta vito vya namna ileile kwa ajili ya hema ya Mungu. Madini hayakubadilika, kilichobadilika ni agano la walioyatoa. Katika Uislamu pia, mwanamke anaruhusiwa dhahabu na mwanamume anakatazwa, na inayohodhiwa ikifika kiwango, takriban gramu 85, maskini ana haki yake ndani yake. Dini hizi zote zinamuuliza mvaaji anadaiwa na nani.

Ipo hoja nyingine, nzito zaidi, ya mama mwenye kipato kidogo: bangili ni akiba yake, na siku ya ada au ya hospitali ataiuza. Je, amelisaliti pambo lake? Hapana. Bangili iliyomtibu mtoto imetimiza wajibu wake wote. Iliyosalitiwa ni ile iliyoyeyushwa kwa sababu jirani kanunua ya mtindo mpya. Na kama pambo ni wajibu, wajibu huo hauanzii dukani. Huanzia kwenye duara ambako mwamba unachimbwa, kwenye karasha unakosagwa, na mahali ambapo zebaki hukamata chembe za dhahabu kisha huchomwa, moshi wake ukiumiza ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto aliye tumboni. Pete ya ndoa iliyopatikana kwa njia hiyo imeanza na deni ambalo umaridadi wa umbo haulilipi.

Kwa hiyo anayetaka pambo lisilopitwa na wakati asianze kwa kuuliza ni lipi zuri. Aulize limetoka kwenye jasho la nani, linatunza ahadi gani, na ni nani atakayekubali kuipokea ahadi hiyo baada yake. Akishapata majibu, karati na umbo ni kazi ya sonara. Asipoyapata, afadhali amsikilize mhubiri, avae moyo wake tu.