Mwizi Akilalamika Kuibiwa

Mwaka jana tovuti moja ilichukua makala yangu nzima, ikafuta jina langu na kuweka la mtu mwingine. Makala ya wiki mbili, niliyolipwa shilingi elfu tatu. Usiku huo niliketi kuwaandikia barua pepe, ile unayoanza kwa "Ndugu mhariri" na kuimaliza mikono ikitetemeka. Nilikuwa nimefika kwenye neno "wizi" macho yangu yaliposhuka kwenye kona ya chini ya skrini, upande wa kulia. Pale palikuwa na yale maandishi ya kijivu ambayo wengi wetu tumeyazoea hadi hatuyaoni tena: Windows yangu haikuwa na leseni.

Maze. Nilifunga laptopu nikalala.

Laptopu yenyewe niliinunua mitumba mjini, muda mfupi baada ya kuacha chuo kwa mambo ya karo. Fundi aliniwekea kila kitu kwa mia tano: Windows, Office, na gemu tatu za nyongeza. Sikuuliza zimetoka wapi. Nani huuliza? Tunaambiana kwamba kampuni tajiri vile haiwezi kufa njaa, na kwamba aliyepanga bei ya leseni hajawahi kulipa kodi ya bedsitter akitegemea vibarua. Bado naona hoja hiyo ina uzito. Shida ni kwamba waliochukua makala yangu wangeweza kuniambia hayo hayo. Mimi pia sikufa njaa.

Ndipo nikahamia Linux Mint. Kazi ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa: unaandaa flashi, unawasha mashine kupitia hiyo flashi, unauonja mfumo kabla ya kugusa chochote kwenye diski, ukiridhika unauweka. Kuandika, kuvinjari, kutazama filamu, vyote viko sawa. Na kwa kuwa Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 2025, kuna laptopu nyingi kama yangu ambazo Windows 11 haizikubali lakini Linux inazipokea vizuri tu.

Gemu ndiyo hadithi nyingine. Kampuni ya Valve ilitoa Proton mwaka 2018, programu inayowezesha gemu za Windows kuchezwa kwenye Linux kupitia Steam, na gemu nyingi hufunguka bila mbwembwe. Zinazogoma mara nyingi ni zile za mtandaoni zenye walinzi wa kunasa wadanganyifu, wanaotaka kuingia hadi kwenye kiini cha Windows. Valorant ni mfano. Gemu ya mpira niliyokuwa nikicheza na maboyz kila Ijumaa iko kwenye kundi hilo. Kwa hivyo Ijumaa zangu zikawa kimya.

Rafiki yangu mmoja wa hizo Ijumaa alinicheka. "Ulikuwa hulipi. Sasa hulipi. Umebadilisha nini, kaka?"

Swali hilo lilinikaa. Kiingereza kina neno moja kwa bure na huru, ndiyo maana Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, ametumia miaka mingi kueleza kwamba anazungumzia uhuru, bei ni jambo jingine. Sisi tunayo maneno mawili. Na nikifikiria vizuri, Windows yangu haikuwa bure wala huru. Niliilipia mia tano, ila nilimlipa mtu asiyeitengeneza. Linux, Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na umri wa miaka 21. (Mimi nikiwa 21 nilikuwa narudisha kitambulisho cha chuo, lakini tuyaache hayo.) Leseni yake inasema wazi: tumia, fungua uone ndani, badilisha, mpe jirani, ukigawa ulichobadilisha, nawe uwaachie unaowapa uhuru huo huo. Mwenye mali amesema chukua. Hiyo ndiyo tofauti niliyompa rafiki yangu.

Hakutosheka. Aliniuliza kama mtoto wa shule asiye na pesa akinakili makala yangu ili aisome, nitamwita mwizi. Nilisema hapana, haraka sana. Akaniuliza mbona basi nilijiita mwizi mimi. Nilimwambia mtoto hataondoa jina langu wala kujipatia hela kwayo, lakini nilijua nimechelewa: mimi nilikuwa napata hela kwa ile Windows, makala baada ya makala.

Na nisijifanye mtakatifu wa Linux. Wengi wanaoandika kiini chake leo ni waajiriwa wa kampuni kubwa kama Intel na Google, na Valve haikutengeneza Proton kwa sadaka. Mint yenyewe huendeshwa kwa sehemu kubwa na michango ya watumiaji. Mimi sijatuma hata shilingi. Nimeruhusiwa kutolipa, na kila mwezi naitumia ruhusa hiyo kikamilifu.

Ile barua pepe niliituma hatimaye. Hawajajibu.

Ijumaa iliyopita nilichoka na ukimya, nikaenda kwa rafiki yangu. Gemu ameinunua kihalali. Kwenye kona ya chini ya skrini yake, upande wa kulia, yapo yale maandishi ya kijivu, yakielea juu ya uwanja mechi nzima. Alinipa pad, nikaketi. Alinifunga tatu kwa moja.