Je, Mwenye Kunyamaza Mkutanoni Amekubali?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha yaliyo moyoni mwake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zangu Waislamu, swali la kurasa hizi chache ni jepesi kulitamka, lakini ni zito kulijibu. Watu wa kijiji wamekusanyika mkutanoni. Jambo limesomwa mbele yao. Mwenyekiti ameuliza, "Nani ana pingamizi?" Hakuna aliyejibu. Je, wale walionyamaza wamekubali? Na jambo lile likileta dhara, je, wao wana fungu katika dhambi yake, au dhambi ni ya waliolileta tu?

Sikulichagua swali hili kwa kutaka kuwaonya wengine. Liko shingoni mwangu mimi mwenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Katika kijiji kimoja cha pwani ya Mrima, ambacho sina haja ya kukitaja jina, uliitishwa mkutano baada ya sala ya Alasiri, chini ya mwembe. Mambo yalikuwa matatu, kama yalivyo katika vijiji vyetu vingi: fedha za kisima, wavuvi watumiao baruti, na kipande cha ardhi kando ya diko alichokitaka mtu atokae mbali. Hesabu ya kisima ilisomwa kwa jumla tu, zilizoingia na zilizotoka, wala hapana hati iliyoonyeshwa. La baruti lilipitishwa upesi, kwani kila mtu alijua ni vijana wa nyumba zipi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua kinywa. La ardhi likaja mwisho, jua likikaribia kuchwa na watu wakitazama njia ya msikitini.

Hapo mzee mmoja mvuvi akasimama, akauliza, "Njia ya kushukia pwani itabaki?" Akajibiwa kuwa hilo litatazamwa baadae. Mzee akageuka, akatutazama sisi tuliokaa, mfano wa mtu atafutae wa kumshika mkono. Mimi nilikuwa nimekwisha kuisoma ile karatasi, nami nilijua ya kuwa njia haikutajwa ndani yake. Nikatazama chini. Mzee akaketi.

Usiku ule barazani, penye kahawa, ndimi zikafunguka. Kila mtu alikuwa na hoja yake, na mimi nilikuwa wa mbele. Lakini katika muhtasari palikuwa pamekwisha andikwa: "Mkutano umeridhia kwa kauli moja." Kauli moja, na hakuna hata mmoja aliyetoa kauli! Leo pale pana ukuta. Wanawake waendao kuchokoa pweza maji yakitoka huzunguka mwendo mrefu juani. Na yule mzee huchukua makasia yake begani akapita njia hiyo hiyo ya mbali. Kila nikutanapo nae hunitolea salamu kwa uso mkunjufu, na salamu ile ni nzito kwangu kuliko matusi.

Wala mtu asiseme ya kuwa sheria ya nchi ndiyo iliyotufunga ndimi. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imemfanya kila mkaazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18, mwanamume na mwanamke, kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji chake. Halmashauri ya kijiji, ambayo watu wake hawapungui 15 wala hawazidi 25, hutokana na mkutano huo. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeizuia halmashauri kumgawia mtu yeyote ardhi ya kijiji mpaka kwanza mkutano mkuu ukubali. Sheria hiyo imeitaka halmashauri iitunze ardhi ile kama mdhamini atunzavyo mali kwa ajili ya wenyewe.

Tazama, ewe ndugu yangu msomaji: hii si nyingine ila ni ile amana tuijuayo tangu chuoni. Mwenye kushika si mwenye mali. Mwenye mali ni wewe, na jirani yako, na yatima wa jirani yako. Mlango wa mwisho umewekwa mikononi mwa mkutano, na bawabu akilala usiulaumu mlango.

Wanavyuoni wa fiqhi walilitazama jambo la kimya tangu zamani. Kanuni yao ya asili, nayo hunasibishwa na Imamu Shafii, ni kuwa mtu aliyenyamaza habebeshwi maneno ambayo hakuyatamka. Mtu akimwona mwingine akiuza mali yake, nae akanyamaza, kimya kile peke yake hakiwi idhini ya kuuza. Kanuni hii ni rehema, kwani lau si hii kila mjanja angelipora mali za wanyonge akasema, "Nilimwona kimya."

Lakini wanavyuoni hawakuishia hapo. Walisema pia ya kuwa kimya mahali ambapo hapana budi kusema huwa ni maelezo. Kanuni zote mbili zimewekwa pamoja katika Majalla, kitabu cha sheria cha dola ya Kituruki kilichotungwa kati ya mwaka 1869 na 1876. Na mfano wake tunao katika hadithi sahihi: mwanamwali aulizwae idhini ya kuozwa, kimya chake ndiyo idhini yake. Kwa nini? Kwa sababu ameulizwa, na hapo ndipo mahali pa kujibu.

Basi pima mizani hiyo kwa mkutano wetu. Asiyekuwapo kwa udhuru hakuulizwa. Aliyekuwapo lakini jambo halikubainishwa kwake ameulizwa asilolijua. Lakini aliyekuja kwa miguu yake, akasikia, akafahamu, akaulizwa mbele ya watu, na uwezo wa kusema anao, kimya cha mtu huyu ni kauli. Nilipokuwa nikikasirika penye kahawa, nalidhani muhtasari umetusingizia. Sasa naona haukutusingizia. Ilikuwa kauli yetu kweli, na yangu ilikuwamo.

Katika Sura ya Al-Aaraf, kuanzia aya ya 163, Mwenyezi Mungu ametupa khabari za mji uliokuwa kando ya bahari, na watu wake walikuwa wavuvi. Walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na siku hiyo ndiyo samaki walipokuwa wakija juu ya maji waziwazi. Watu wale wakawa makundi matatu: kundi lililovuka mpaka, kundi lililokataza, na kundi lililowaambia wakatazaji ya kuwa hapana faida ya kuwaonya watu ambao Mungu atawaangamiza. Kisha Kurani ikaeleza ya kuwa waliokataza waliokolewa, na waliodhulumu wakaadhibiwa. Ama kundi la tatu, mwisho wao haukutajwa.

Imepokewa kutoka kwa Ikrima ya kuwa alimkuta Ibn Abbas akilia, na Msahafu uko mapajani mwake, kwa ajili ya watu hawa wa tatu. Kwani aliona ya kuwa sisi nasi huona mabaya tukayachukia tusiseme kitu. Ikrima akamtuliza, akamwambia ya kuwa wale walikwisha kuonyesha kuchukizwa kwao, na Ibn Abbas akapendezwa na neno hilo. Lakini hebu zingatia: hata hao wanaotarajiwa kuokoka walitamka neno lao, na Kurani imelitaja. Sisi tulio chini ya mwembe hata hilo hatukulitamka.

Na mji ule wa wavuvi hauko mbali nasi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza kuvua kwa baruti. Kila mvuvi ajua ya kuwa mshindo mmoja huua mkubwa na mdogo, aliwae na asiyeliwa, tena huvunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba ya samaki, na tumbawe lililovunjika huchukua miaka mingi kurudi. Mtume wetu (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini, na wale wa chini wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao ili wapate maji pasipo kuwaudhi wa juu. Wakiachwa wataghariki wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote. Mtobozi husema, "Natoboa pangu." Lakini bahari haina pako na pangu.

Sasa na tuzisikilize nyudhuru za wenye kunyamaza, kwani si zote ni za uwongo.

Mmoja husema, "Naogopa." Khofu ni jambo la kweli. Yuko mtu ambae riziki yake i mikononi mwa mkubwa, au ambae akisema hatolala salama. Mtume (S.A.W.) ametuwekea daraja tatu katika kuondoa ovu: mkono, na asiyeweza ulimi, na asiyeweza moyo. Mwenye khofu ya kweli ana nafasi katika daraja ya tatu. Lakini daraja hiyo ndiyo dhaifu kupita zote, wala haifai mtu kuifanya makao na hali miguu yake ni mizima. Na tena, aogopae kusema peke yake aweza kwenda kwa jirani zake watatu kabla ya siku ya mkutano, wakaafikiana kusimama pamoja. Mimi sikuwa na khofu ya namna hiyo. Nilikuwa na haya tu, na uvivu wa kuchukiwa.

Wa pili husema, "Ni jamaa yangu." Jawabu tumelipata kwa Mtume (S.A.W.), aliyetuamuru tumnusuru ndugu yetu aliyedhulumiwa na aliyedhulumu, na nusura ya aliyedhulumu ni kumzuia asidhulumu. Amwachae kijana wake na baruti mkononi hakumpenda, kwani mikono mingapi imekatika kwa baruti hiyo hiyo!

Wa tatu husema, "Nachelea fitna." Huyu asikilizwe kwa makini, kwani fitna ni mbaya kweli. Lakini fitna ni ipi? Swali liulizwalo mchana mbele ya watu wote, na aulizwae yupo na aweza kujibu, si fitna. Fitna ni manong'ono ya usiku juu ya mtu asiyekuwapo, na jina lake jingine ni ghiba. Ajabu yetu ni kuwa palipo halali kusema twanyamaza, na palipo haramu ndipo tunapokuwa mafasaha.

Lakini kusema nako kuna adabu zake. Uliza, usituhumu. Taja jambo, usitaje mtu, ila uwe na ushahidi. Taka hati ya fedha isomwe yote, na njia iandikwe ndani ya karatasi kabla ya kupigwa mhuri, na muhtasari usomwe tena mbele ya watu. Na ukishindwa kwa hoja, kubali; kwani mkutano si pahala pa kushinda, ni pahala pa kutafuta kheri.

Na nyinyi mlioshika mamlaka ya kijiji, mzigo wenu ni mzito zaidi. Mwenye kuleta jambo lililokwisha kukatwa, akalileta jua likichwa, akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa, huyo hakushauriana na watu. Amewatumia kuwa mhuri. Tazameni vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Mtume (S.A.W.) aliona bora kukaa Madina, na wengi katika Sahaba walipenda kutoka. Akatoka nao. Waislamu wakapatwa na waliyopatwa, wakauawa watu kadiri ya 70. Lau pangelikuwa na siku ya kufuta mashauri, siku hiyo ingelikuwa ndiyo. Lakini katika Sura ya Al-Imran, aya ya 159, iliyoteremka baada ya msiba ule, Mwenyezi Mungu alimwamuru Mtume wake awasamehe, na aendelee kushauriana nao. Ikiwa yeye aliyekuwa akipata wahyi hakuondolewa mashauri, ni nani katika sisi awezae kuyaepuka?

Basi jawabu la swali letu ni hili. Kimya cha asiyejua si kukubali. Kimya cha mnyonge aliyezuiwa ni udhuru wake mbele ya Mola wake, na aliyemzuia ndie mwenye kuulizwa. Lakini kimya cha ajuae, awezae, aliyeulizwa, ni kauli, nae ataulizwa juu yake kama angelivyoulizwa lau angelisema kwa mdomo, "Nimeridhia." Wala haimfai kusema kuwa mtu mmoja alikwisha simama na faradhi imetutoka sote. Mzee yule alitimiza yake, na haki haikusimama kwa sababu alisimama peke yake. Faradhi ilibaki kwetu tuliokaa.

Nalimwendea mzee nyumbani kwake, nikamtaka radhi, nikamweleza ya kuwa ile karatasi nilikuwa nimeisoma. Alinyamaza kitambo, akiendelea kushona wavu wake. Kisha akasema, "Mkutano ni kila miezi mitatu. Ujao usikae nyuma."

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na utupe kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na utupe kuiepuka. Na usizifanye ndimi zetu nyepesi penye kahawa na nzito penye amana. Amin.

Wabillahi taufiki.