Subira Iliyo Haramu

Saikolojia chanya, yaani tawi la elimu ya nafsi linalochunguza yale yanayomstawisha mtu kuliko maradhi yake, ilipata msukumo mkubwa mwaka 1998, Martin Seligman alipokuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, na baadaye mafunzo yake yakaenea hadi Iran, ambako watafiti wengi wameyajaribu kwa wanawake wenye migogoro ya ndoa. Mwanamke huandika mema ya siku yake, hutambua tunu za tabia yake, hujizoeza kusamehe na kutaraji kheri. Kisha majibu yake katika dodoso hulinganishwa na ya wenzake wasiofunzwa.

Kwamba mafunzo hayo huweza kuleta nafuu hakuna haja ya kubisha. Linalobaki ni swali la kifalsafa: utulivu wa mtu anayedhulumiwa ni kheri, au ni ganzi tu? Dodoso halilijibu, kwa kuwa hupima hisia za mke, ilhali mwenendo wa mume asiyekuwamo darasani hauguswi.

Al-Ghazali, mwanachuoni aliyezaliwa Tus, katika ardhi hiyohiyo ya Iran, na kufariki mwaka 1111, alizijadili subira na shukrani pamoja katika kitabu kimoja cha Ihya Ulum al-Din, akaigawa subira kwa hukumu za sheria: ipo ya faradhi, ipo ya suna, ipo ya makuruhu, na ipo iliyo haramu, mfano ya mtu anayekatwa mkono, au ambaye mwanawe anakatwa mkono, naye akanyamaza. Kwa mizani hiyo, fadhila hutegemea kinachovumiliwa. Utafiti wa James McNulty wa mwaka 2011 waelekea hukohuko, maana katika miaka 4 ya mwanzo ya ndoa alizozifuatilia Marekani, wepesi wa kusamehe waliendelea kufanyiwa ukali uleule, wakati wasio wepesi waliona ukipungua.

Wala dini haimtaki mke anyamaze: sura ya 58 ya Kurani, al-Mujadila, imeitwa kwa mwanamke aliyemjadili Mtume juu ya mumewe, na malalamiko yake yakasikilizwa. Kwa wanandoa waliochoshana tu, daftari la shukrani lafaa sana. Anayepigwa ana haja ya kwanza ya kukijua kifungu cha 1130 cha sheria ya madai ya Iran, kinachomruhusu mke kuomba talaka mahakamani pale ndoa inapomtia katika dhiki isiyovumilika.