Gari Likizima Mikononi mwa Mama, Kosa ni la Nani?



Huenda kichwa cha makala haya kimekufanya udhani umefungua ukurasa usiokuhusu. Utasema, "Huu ni ukurasa wa ndoa, mambo ya betri na waya yametoka wapi?" Nakusihi usigeuze karatasi. Katika sehemu zetu za Kisii na Nyamira gari la familia si chombo cha anasa. Ndilo linalobeba ndizi hadi soko la Daraja Mbili, ndilo linalowafikisha watoto shuleni mvua inaponyesha, na mvua huku kwetu haingoji msimu. Ndilo linalomkimbiza mgonjwa hospitali usiku wa manane. Likizima leo, likawaka kesho, likazima tena keshokutwa, si gari peke yake linaloharibika.

Ugonjwa wa umeme una tabia moja mbaya kuliko magonjwa mengine ya gari. Tairi ikipasuka, kila mtu anaiona. Rejeta ikivuja, maji yako chini. Lakini hitilafu ya umeme huja na kwenda. Unalifikisha gari kwa fundi, linawaka mara moja kana kwamba halijawahi kumsumbua mtu, na fundi anakutazama kama wewe ndiwe mgonjwa. Basi tukikosa chombo cha kulaumu, tunatafuta mtu wa kulaumu. Na aliye karibu kuliko wote ni yule tunayelala naye nyumba moja.

Tufikirie nyumba kama hii, ambayo wengi wenu mtaitambua bila mimi kutaja jina. Baba ni mwalimu, mama anauza ndizi na mboga. Wana gari dogo la mkono wa pili kutoka Japani, walilolinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, na mkopo bado wanaulipa. Jumamosi baba huenda nalo Kisumu kwa shughuli zake. Siku nyingine zote liko kwa mama. Katika muda wa miezi mitatu gari limekataa kuwaka mara tano, na mara zote tano lilikuwa mikononi mwa mama. Siku ya tano, mama akiwa amekwama njiani jioni na mzigo wake unanyeshewa, baba anamwambia mbele ya watoto: "Mara tano kwako, kwangu hata moja. Mama watoto, wewe ndiwe unayeliharibu gari hili."

Je, hesabu ya baba ni ya uongo? La hasha! Ni kweli tupu, na hapo ndipo penye mtego. Maana mtu anaweza kutamka neno la kweli na bado akamwonea mwenzake.

Tazama jinsi gari hilo linavyofanya kazi. Betri ya gari ni ghala. Alteneta ndiyo inayolijaza, na huijaza injini inapozunguka tu. Kuanzia asubuhi mama ana safari fupi fupi: nyumbani hadi shuleni, shuleni hadi sokoni. Mvua inanyesha, kwa hiyo taa zinawaka, waipa zinafanya kazi, na feni inapuliza kioo kisifunge ukungu. Hao wote wanakula kutoka ghala lile lile. Akifika sokoni anaacha mlango wa nyuma wazi kwa muda mrefu akishusha mzigo, na taa ndogo ya ndani inawaka muda huo wote. Taa hiyo ya wati 5 hula karibu ampea 0.4. Ikisahaulika saa 24, imekula karibu ampea-saa 10, yaani robo nzima ya betri ndogo ya ampea-saa 40. Safari ya dakika kumi haiwezi kulipa deni la usiku kucha. Baba kwa upande wake anakwenda zaidi ya kilomita 100, anafika Kisumu ghala limejaa pomoni, na kurudi vilevile. Mbona lizime kwake?

Kwa hiyo kuwepo mahali kitu kinapoharibika si sawa na kukiharibu. Muuguzi aliye zamu usiku ndiye anayeshuhudia vifo vya usiku. Hakuna mwenye akili atakayemwita mwuaji.

Sasa tuongeze jambo moja. Katika nyumba yetu hiyo, mwaka uliopita baba aliweka redio kubwa zaidi garini. Aliyeifunga aliuvuta waya moja kwa moja kutoka kwa betri, bila kuupitisha kwenye swichi ya ufunguo, na redio ikawa inanyonya kidogo kidogo hata gari likiwa limelala. Zaidi ya hayo, waya wa athi, yaani ule mnene unaounganisha betri na bodi ya gari, ulikuwa umelegea na kushika kutu ya kijani. Njia ikiwa nzuri ulishika. Gari likirukaruka kwenye mashimo, uliachia.

Najua mama mmoja msomaji ameinuka kitini akisema, "Kumbe ni yeye!" Pole pole, mama. Baba hakujua. Yule Mgiriki wa kale Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alilichunguza jambo hili katika kitabu chake cha maadili. Alifundisha kwamba tendo lililofanywa kwa kutojua halihukumiwi sawa na tendo lililofanywa kwa kujua na kutaka. Tukimwachilia mama kwa sababu hakujua taa ilikuwa inawaka, ni lazima tumwachilie baba kwa habari ya redio. Mizani ni moja.

Lakini mwalimu huyo hakuishia hapo, na mimi nakubaliana naye kabisa. Aliongeza kwamba kuna kutojua kwingine ambako mtu mwenyewe ndiye mwenye kulaumiwa, kwa maana ilikuwa juu yake kujua na hakujali. Hapo baba yetu ameshikwa. Siku gari lilipozima mara ya kwanza, kutojua kwake kulikuwa hakuna lawama. Mara ya pili tuseme hivyo hivyo. Lakini mara ya tano? Fundi mwenye kipimo cha volti yuko mjini Nyamira, yuko Keroka, yuko Kisii, na kupima ni kazi ya dakika chache. Baba hakupima. Alichagua kubaki hajui, kwa kuwa kutojua kulimpa mtu wa kumkemea. Hilo, ndugu yangu, ni kosa, hata kama redio haikuwa kosa.

Kemeo hilo lina hasara nyingine kubwa zaidi. Mama alijua dalili ambazo baba hakuzijua. Alijua kwamba asubuhi za baridi stata ilizunguka kwa uchovu. Alijua kwamba taa za mbele zilififia injini ikiwa taratibu na kung'aa akikanyaga mafuta. Mara mbili kabla ya zile tano aliwalipa vijana wa bodaboda wamsukume, akalinyamazia. Kwa nini alinyamaza? Kwa sababu alikwisha jifunza kwamba katika nyumba yake, kuleta habari ya hitilafu ni kujipeleka mahakamani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Ni kweli, lakini wahenga hawakuuliza ni nani aliyemtisha mgonjwa hata akaona afadhali kuficha. Hivyo lawama iliyokusudiwa kulinda gari ndiyo iliyofukuza habari ambazo zingeliponya.

Mama naye asidhani kunyamaza kwake hakuna neno. Siku moja gari hilo lingemzimia baba usiku akiwa na mtoto mgonjwa, na baba hajui kwamba betri inasuasua. Hofu inapunguza uzito wa kosa lake, haiufuti. Angeweza kusema hata kwa ufupi: "Baba watoto, leo limesukumwa. Sitaki tugombane, nataka ujue."

Nimeona pia kwamba kasoro isiyoonekana chanzo haikai ndani ya ndoa peke yake. Fundi wa kwanza akishindwa, na wa pili, na betri mpya ikafa kama ile ya zamani, maneno huanza. "Gari hili lina mkono wa mtu." Jirani fulani alilitazama sana siku lilipokuja. Mama mkwe hakufurahi. Yule bibi kizee wa ng'ambo ya mto alipita karibu nalo jioni. Msomaji, usicheke. Sisi watu wa Gusii tunajua mawazo ya namna hii yanafika wapi. Mwezi wa Mei mwaka wa 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa hadi kufa hapa Kisii kwa kushukiwa uchawi. Oktoba mwaka wa 2021, huko Marani, akina mama wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Sisemi waliuawa kwa ajili ya magari. Nasema njia ya mawazo ni ile ile ya baba anayehesabu mara tano: jambo baya limetokea, chanzo hakionekani, mtu fulani alikuwa karibu, basi ni yeye. Ndani ya nyumba njia hiyo huishia kwenye machozi. Nje ya nyumba imewahi kuishia kwenye moto. Ushuhuda wa uongo si lazima usemwe mbele ya hakimu. Amri ya nane inafika hata jikoni.

Basi tufanyeje? Kwanza tukubali kwamba gari la namna hii lina historia tusiyoijua. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8, lakini likiwa hapa hubadilisha mikono mara nyingi. Mmoja anafunga alamu, wa pili kifaa cha kulifuatilia, wa tatu redio, na kila mmoja anakata waya na kuufunga kwa utepe. Wewe unayelipokea la nne unarithi mafundo yote.

Pili, usimruhusu fundi kubahatisha kwa mfuko wako. Fundi anayesema "tubadilishe betri tuone", kisha "tubadilishe alteneta tuone", anafanya kwa spea yale baba alifanya kwa maneno. Mwambie apime. Betri nzima iliyojaa, gari likiwa limepumzika, husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12 imekwisha karibu yote. Injini ikizunguka inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12, ghala halijazwi, na hapo ndipo utazame alteneta, kaboni zake na ukanda unaoizungusha. Kama kujazwa kunajazwa lakini asubuhi betri imekufa, kuna kitu kinanyonya usiku: gari lizimwe, fundi aunganishe kipimo cha ampea kwenye waya wa hasi, kisha atoe fyuzi moja moja mpaka unyonyaji ushuke. Fyuzi iliyoushusha ndiyo inayoonyesha njia. Na kabla ya hayo yote, asafishe vichwa vya betri na kukaza waya wa athi, maana kazi hiyo haina gharama na mara nyingi ndiyo dawa yenyewe.

Fyuzi inayoungua kila mara asiifunge kwa kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Ukiinyamazisha, utaamsha moto.

Kuhusu fedha nitasema machache. Nimesikia baba anayemficha mama bei ya alteneta, na mama anayekata fedha za sokoni kulipa wasukumaji. Gari ni la wote wawili, na deni lake pia. Karatasi ya fundi na iwekwe mahali ambapo wote wawili wanaiona.

Jambo la mwisho ni daftari. Nunueni daftari dogo la watoto wa shule mliweke kwenye mfuko wa mlango wa gari. Kila linapozima, aliyekuwa nalo aandike: tarehe, saa, mvua au jua, lilikuwa limesimama muda gani, taa gani zilikuwa zinawaka, stata ilizunguka au ilinyamaza kabisa, nini kilifanywa hata likawaka. Asiandike ni nani aliyekosea. Baada ya mara nne au tano fundi mwema atasoma ukurasa huo na kujua aanzie wapi. Akianza kuuliza maswali, nawe baba umesimama pale mikono kiunoni, mwache mama ajibu. Yeye ndiye aliyekuwepo.